Trai ya Mwaka wa Nzige

Wengine wakianza hadithi hubisha hodi kwanza, wakangoja waitikiwe. Hii haibishi hodi, maana ndani hamna mtu anayetazama mlangoni. Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Juzi. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na mmoja, na haina uhusiano wowote na nchi yako wewe unayesoma. Ukiona kitu kinafanana na cha kwenu, macho yako yamechoka, kapumzike.

Katika Jamhuri ya Juzi watu hawaulizani habari za leo. Ukikutana na mtu njiani unamwuliza, "Habari za zamani?" naye sharti ajibu, "Zilikuwa njema." Kaulimbiu ya taifa ni Ya Kale Dhahabu. Redioni, saa moja jioni, husomwa utabiri wa hali ya hewa ya miaka hamsini iliyopita, na tangu uanze haujawahi kukosea.

Mambo yote haya yalianzia uwanjani, katika mji wa Tanurini, kwa washabiki wa timu ya raga ya Nyati. Raga ni ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambao watu thelathini huugombea mpaka mmoja wao autue chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na akiutua hapo huwa amefunga trai. Mwaka wa Nzige, Nyati waliwafunga Mamba wa Mtoni kumi na tatu kwa kumi na mbili. Trai ya ushindi ilifungwa dakika ya sabini na tisa na marehemu Hamad Ndoo, kwenye kona yenye mti wa mkungu. Mji haukulala siku tatu.

Jumamosi iliyofuata Nyati walipigwa sitini kwa tatu. Mshabiki mmoja, kwa haya, aliupa uwanja kisogo akaanza kumsimulia mwenzake mechi ya wiki iliyopita. Wa jirani nao wakageuka wapate kusikia. Kufikia mapumziko kandokando ya uwanja ilikuwa migongo mitupu, na watu walikuwa na furaha ajabu. Wakarudia Jumamosi ya pili, na ya tatu, na kwa miaka hamsini hawakugeuka.

Serikali, ambayo nayo ilikuwa na mambo yake kadhaa isiyopenda yatazamwe, ilivutiwa sana na uzalendo ule. Ikaunda Wizara ya Kumbukumbu na Uaminifu. Ikatunga Sheria Namba Nane. Kila mwananchi akapewa Kitambulisho cha Mgongo, chenye picha ya kisogo chake, na polisi akikusimamisha hukuzungusha kwanza ndipo alinganishe. Kisha ikaundwa Idara ya Shingo, ambayo maofisa wake hupita viwanjani na protrakta. Shingo iliyogeuka kuelekea mchezoni kupita digrii thelathini ni kosa la jinai.

*

Msimulizi Mkuu wa Taifa alikuwa Mzee Songoro Mwinyikombo, mzaliwa wa Tanurini, mtu wa sauti nene na koti la njano la Nyati lililofifia mabegani. Kila Jumamosi saa kumi kamili alipanda juu ya kreti la soda, akawaelekea washabiki elfu nne, akawasimulia mechi ya Mwaka wa Nzige dakika kwa dakika kwa dakika themanini, na mapumziko mafupi ya kula muhogo wa kukaanga.

Msomaji mwerevu atauliza: akiwaelekea washabiki, si anauona uwanja? Anauona. Katika Jamhuri nzima ni yeye peke yake ambaye uso wake ulielekezwa kwenye mechi inayochezwa. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini wahenga hawakuisoma Sheria Namba Nane, kifungu cha tatu, kisemacho: "Msimulizi atafumba macho." Mzee Songoro aliyafumba kwa miaka thelathini na minane. Watu walidhani ni mapenzi yaliyomzidi, na wako waliolia kwa kumtazama tu.

Ukweli ni kwamba ile trai hakuiona. Siku ile ya Mwaka wa Nzige, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, dakika ya sabini na nane tumbo lilimwuma kwa njaa akaenda kwa binti mmoja aliyekuwa akikaanga muhogo nyuma ya goli. Alikuwa akimtazama binti yule akikamua ndimu na kunyunyiza pilipili, taratibu, bila haraka ya dunia, pale kelele zilipolipuka nyuma yake. Alipogeuka aliona migongo ya watu na nzige wawili. Kwa hiyo tukisema kweli, raia wa kwanza wa Juzi ndiye yeye.

Trai ilimpita, lakini binti hakumpita. Aliitwa Mashavu, na huu ni mwaka wa arobaini na saba wako pamoja.

*

Sasa usidhani timu ya Nyati ilikufa. Ilikuwapo, tena kisheria. Wizara iliisajili kama Kifaa cha Sauti, kwa hoja kwamba simulizi bila kishindo cha watu kugongana haikolei. Wachezaji walipewa mwongozo wa kurasa kumi na mbili uliowataka wagongane kwa sauti ya wastani na wasishangilie jambo lolote lililotokea siku hiyohiyo. Vijana wa kiume waliopenda kutazamwa walihama mmoja mmoja. Pengo likazibwa na wanawake, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitazama, hakuna aliyekataza. Kikosi kilikuwa na wanawake saba na washabiki hawakujua.

Mmoja wa hao saba alikuwa Siwatu binti Songoro, fundi wa kuchomelea mageti, miaka ishirini na sita.

"Baba," alisema Jumatano jioni, mguu wake ukiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, "Jumamosi ni Mamba."

"Najua, mwanangu. Jubilei ya Miaka Hamsini. Waziri anakuja."

"Mimi sisemi Mamba wa Jubilei. Nasema Mamba wenyewe, hawa wenye meno. Tunaweza kuwafunga."

"Inshallah," alisema Mzee Songoro, na akageuza kurasa za simulizi lake, ingawa alilijua kwa moyo.

"Miaka sita nacheza. Unajua navaa namba ngapi?"

Mzee Songoro alikohoa. Alijua namba za wachezaji wote thelathini wa Mwaka wa Nzige, na kabila la refa, na rangi ya soksi za refa. Namba ya mwanawe hakuijua. Aliona aibu, akaishia kuuliza kama chai imeiva.

"Fumbua macho dakika moja tu, Baba. Wala usinishangilie. Hata nikianguka, unione nimeanguka."

"Siwatu, mimi ni mtumishi wa umma."

"Mtumishi!" Bi Mashavu alidakia kutoka jikoni. "Mtumishi wa trai ambayo hata hukuiona! Ulikuwa unaniuliza mimi kama pilipili ni ya leo au ya jana!"

"Mama Siwatu! Ukuta una masikio!"

"Una masikio, macho hauna. Mmefanana."

Mzee Songoro hakulala vizuri usiku ule. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, nao woga wake ulikuwa na sababu. Akienda dukani aliitwa Msimulizi. Msibani alitolewa kiti. Mtu asiye na Kitambulisho cha Mgongo katika Juzi hasalimiwi. Huonwa kama mlango uliosahauliwa wazi. Tena aliwapenda wale watu wake. Mzee Bofu wa mstari wa mbele, kwa mfano, aliwazika mke na wanawe wawili, akabakiwa na Jumamosi tu. Utamnyang'anyaje mtu Jumamosi yake?

*

Siku ya Jubilei Tanurini ilipambwa kwa vitambaa vikuukuu, maana vipya vilipigwa marufuku. Mheshimiwa Kirumbizi, Waziri wa Kumbukumbu na Uaminifu, alifika kwa msafara wa magari kumi na sita yaliyotembea kinyumenyume. Alizaliwa miaka minane baada ya Mwaka wa Nzige, lakini alikuwa na cheti, chenye mhuri, kinachothibitisha kwamba siku ile alikuwapo.

"Ndugu wananchi," alianza, "nawasalimu kisogo kwa kisogo!"

"Salama kisogo!" waliitikia elfu nne.

"Mwaka huu Serikali yenu sikivu imeongeza uzalishaji wa kumbukumbu kwa asilimia mia moja na arobaini. Tumejenga zamani mpya mbili katika kila wilaya. Wilaya ambazo hazikuwa na zamani kabisa zimepata za muda, za mabati, wakati zikisubiri za kudumu." Makofi. "Wapo wachache, wenye nia mbaya, wanaouliza, nyuma ya migongo yetu kunatendeka nini? Nami nawauliza wao: mmejuaje kuwa kuna kitu kinatendeka?"

Swali hilo lilipigiwa makofi ya dakika mbili. Kisha Waziri akaketi kwenye kiti cha enzi kilichoupa uwanja kisogo, Mzee Songoro akapanda kreti, akafumba macho, akaanza. Pembeni yake alisimama Afisa Chambuso wa Idara ya Shingo, protrakta mkononi, na nakala rasmi ya simulizi chini ya kwapa.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vyema. Penalti ya Mamba ya dakika ya tisa ilipigwa miluzi, kama ilivyopigwa wiki iliyopita na wiki elfu mbili kabla yake. Mapumziko muhogo uliliwa. Bi Mashavu, mbele ya karai lake, alimpa mumewe kipande bila kumtazama usoni, na pilipili hakutia.

Lakini kipindi cha pili kulikuwa na jambo. Masikio hayafumbwi, na Mzee Songoro alianza kusikia kwamba Kifaa cha Sauti hakigongani kwa wastani. Kiligongana kwelikweli. Kulikuwa na kuhema, na kuitana, na refa akipuliza filimbi kwa hasira ya mtu anayefanya kazi. Dakika ya sabini akasikia mwanamke akipiga kelele, "Moja tu jamani! Trai moja tunawapita!"

Dakika ya sabini na nane simulizi lilifika pale ambapo yeye, katika maisha yake, alikuwa ameondoka kwenda kununua muhogo. Kila Jumamosi akifika hapo alianza kuongopa.

"Na sasa," alisema, "Ndoo anapokea mpira..."

"Siwatu!" ilikuja sauti kutoka uwanjani. "Siwatu, kulia! Kulia!"

Mzee Songoro akafumbua jicho. Moja tu kwanza, la kushoto, lililokuwa mbali na Afisa Chambuso.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba mkungu haupo. Ulikuwa umekatwa, pengine miaka ishirini iliyopita, kikabaki kisiki chenye uyoga. Na Jumamosi iliyopita tu alikuwa amesimulia majani yake yakitikisika. Kitu cha pili alichokiona ni mwanamke mwenye misuko mitano, mfupi, mwenye mabega ya mtu anayebeba vyuma, akikimbia na mpira kandokando ya mstari, jezi imechafuka tope mpaka shingoni. Mgongoni alivaa kumi na nne.

Akafumbua la pili.

"Anapokea kwa mkono wa kushoto," alisema, na sauti yake haikuwa ile nene ya miaka yote, "anamkwepa wa kwanza, misuko inapepea..."

"Misuko?" Mzee Bofu aliuliza mstari wa mbele. "Ndoo alikuwa na kipara!"

"Tangu darasa la tatu!" mwingine akaunga mkono.

"...anateleza, anaweka mkono chini, anainuka..."

"Ndoo hakuteleza!" Umati ulinung'unika. Wote walilijua simulizi neno kwa neno, na neno hilo halikuwamo. Afisa Chambuso alilamba kidole akapekua nakala rasmi.

"Msimulizi," alinong'ona, "rudi ukurasa wa sitini na moja."

"...Mamba mmoja kamshika jezi, jezi inapasuka begani, hajaachia mpira, mwanangu hajaachia mpira!"

"Mwana wa nani?" aliuliza Mzee Bofu.

Hapo Bi Mashavu alitupa upawa ndani ya karai, mafuta yakaruka. "Geukeni, nyie wazembe!" alipiga kelele. "Ni Siwatu wangu huyo!"

Wakageuka. Shingo elfu nne zilizokuwa zimekaa upande mmoja miaka na miaka zililia kwa pamoja, na sokoni watu walidhani kuna anayevunja kuni. Afisa Chambuso ilimbidi ageuke ili azipime. Mheshimiwa Waziri aligeuka ili aone ni nani aliyegeuka, na kwa njia hiyo naye akaona.

Walichoona ni Siwatu akiburuta Mamba wawili kiunoni kwa hatua tatu za mwisho, kisha akaanguka kifudifudi kando ya kile kisiki, mpira chini ya kifua chake, nyuma ya mstari.

Hakuna aliyejua namna ya kushangilia kitu ambacho bado kina vumbi. Kisha Mzee Bofu, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka na hajui, alisema polepole, "Jamani, ni trai." Ndipo uwanja ukalipuka.

Ubao wa matokeo uliandikwa kumi na tatu kwa kumi na mbili kwa rangi ya mafuta tangu Mwaka wa Nzige, kwa hiyo ilibidi waende kumwuliza refa. Nyati kumi na nane, Mamba kumi na saba. Mzee Songoro alikuwa bado juu ya kreti, macho wazi, akilia kama mtu aliyerudishiwa kitu. Siwatu aliinua uso wenye tope, akatazama kule kwenye kreti, akamwona baba yake anamtazama. Hawakupungiana mikono. Walitazamana tu, na kila mmoja alijua mwenzake kaona.

*

Jumapili Baraza la Mawaziri lilikutana kwa dharura. Kosa lilikuwa wazi, lakini wakosaji walikuwa elfu nne na mmoja wao alikuwa Waziri. Kuwafunga wote haikuwezekana, kwani magereza yalikuwa bado yamejaa wafungwa wa zamani. Baada ya saa tisa za mjadala ulipatikana ufumbuzi. Jumamosi ile ilitangazwa kuwa zamani. Ilizeeshwa kwa tamko, miaka arobaini kamili, na hivyo kila aliyeitazama alikuwa ametazama ya kale, jambo ambalo ni uzalendo. Trai ya Siwatu ikawekwa mahali pa trai ya Ndoo. Wizara ilianza siku hiyohiyo kuandika nakala rasmi.

Jumatatu Mzee Songoro aliitwa ofisini kwa Waziri.

"Mzee wangu," alisema Mheshimiwa Kirumbizi, "umetuletea matatizo, lakini pia umetuletea zamani nzuri sana. Tumekusamehe. Jumamosi utapanda kreti kama kawaida, utasimulia trai ya binti yako. Fikiria heshima hiyo! Taifa zima, kila wiki, milele."

Mzee Songoro alifikiri. Hatukufichi, alitamani. Kwa mara ya kwanza maishani angesimulia kitu alichokiona kwa macho yake, kila hatua, kila tope. Hakuna baba katika Juzi aliyewahi kupewa zawadi kama ile. Mate yalimjaa kinywani.

"Macho nitayafumba?" aliuliza.

"Kifungu cha tatu hakijabadilika."

"Na yeye Siwatu atakuwa wapi?"

"Atakuwa nyuma ya watu, anatoa sauti. Si ndiyo kazi yake?"

Mzee Songoro alivua koti la njano, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya Waziri.

"Mheshimiwa, Jumamosi nina udhuru."

"Udhuru gani unaozidi taifa?"

"Mwanangu anacheza."

Kwa kosa hilo walimpeleka kwenye chumba cha picha, wakampiga picha ya uso, mbele kabisa, macho yakionekana, wakaibandika kwenye Kitambulisho chake na kukigonga mhuri: BATILI. Njiani kurudi nyumbani alimwuliza mwenye duka habari za zamani, na mwenye duka akapangusa mizani.

*

Jumamosi, saa kumi kamili, Afisa Chambuso, aliyekuwa amepandishwa cheo, alipanda kreti akafumba macho. Washabiki elfu nne waliupa uwanja kisogo. Aliwasimulia habari za Siwatu Mkuu, aliyekuwa na urefu wa futi saba, aliyeburuta Mamba kumi na wawili kwa jino moja. Watu walilia.

Upande wa pili wa uwanja, ambako mtu hakuwa amekaa tangu Mwaka wa Nzige na nyasi zilifika kiunoni, walikaa watu wawili juu ya kigogo: Mzee Songoro asiye na koti na Bi Mashavu na kikapu chake cha muhogo. Mbele yao walikuwa na mchezo, na ng'ambo ya mchezo migongo elfu nne. Ukitazama sana ungeona kwamba shingo ya Mzee Bofu ilikuwa imegeuka kidogo. Afisa mpya wa Shingo aliipima mara mbili. Ilikuwa digrii ishirini na tisa.

Mvua ilinyesha. Siwatu aliudondosha mpira mara nne. Dakika ya sabini na tisa alikanyagwa na wanaume watatu mbele ya kile kisiki, na wakati huohuo ng'ambo umati ulilipuka kwa shangwe kwa ajili ya trai yake. Alitoa uso matopeni, akatema jani, akatazama nyasi ndefu za upande wa pili.

"Kumi na nne!" Mzee Songoro alipiga kelele, akiwa amesimama juu ya kigogo, pilipili midomoni. "Kumi na nne, inuka mama, nakuona!"

Nyati walifungwa pointi hamsini na tatu kwa sifuri. Mzee Songoro aliziona zote.